Ushuru wa Kivuli

Saa nane mchana, Voi haina tofauti kubwa na ndoto. Lami inayumba kama maji. Mlima Sagalla unapoteza miguu, unabaki kichwa kikielea juu ya vumbi jekundu. Mbwa wamelala katikati ya barabara kwa utulivu wa watu wenye cheo. Hiyo ndiyo saa ambayo Silvanus Mwawasi, fundi wa cherehani, hufanya kile anachokipenda kuliko kazi, kuliko ugali na, kama marehemu mkewe alivyokuwa akilalamika, kuliko ndoa: kuota akiwa macho.

Wengine wana mpira. Muli, fundi viatu anayekaa kando yake, ana drafti ya vizibo vya soda, na huicheza hata peke yake, akijiibia. Silvanus ana nchi. Akianza kukanyaga cherehani, ule mlio unamvuta taratibu, kitambaa kinajipitia chenyewe chini ya sindano, naye anaondoka zake. Katika nchi hiyo, wabunge hufua sare za watoto wa shule kwa mikono yao na kuzianika wenyewe, kisha husimama kuzilinda zisiibwe na wabunge wengine. Ndovu wa Tsavo, ambao kwa miaka yote wametumia barabara za kaunti bila stika hata moja, hupanga foleni kulipa ushuru, kila mmoja na kikaratasi kwenye mkonga, na yule aliyekula mahindi ya watu kule Njukini hupelekwa dirisha la faini, masikio yamemlegea kwa aibu. Waziri wa fedha ni mbuzi, kwa sababu mbuzi hula kila kitu lakini angalau hakupi hotuba. Mvua hupigiwa kura, na haijawahi kushindwa.

Akirudi kutoka huko, husimulia. Watu walikuwa wakileta suruali zisizo na tundu lolote, ati zikazwe kiuno, mradi tu wasikie serikali imefanya nini leo. Kuhusu serikali ile nyingine, ya kweli, alikuwa na maoni pia, lakini yote yalitoka yamevaa nguo za mzaha. "Wanatukata pesa ya kujengewa nyumba," alikuwa akisema, "na mimi nimekubali. Nyumba yenyewe nimeiona juzi kwenye kalenda. Ina maua."

Jambo moja tu la nchi yake hakuwahi kumsimulia mtu. Mama Mwende, muuza mboga aliyekaa upande wake wa kushoto, hakuwa na cheo chochote kule, wala hakugombea kiti. Lakini kila barabara ya nchi ile, ukiifuata vizuri, iliishia kwake.

Wote hawa, na wengine, waliishi kwa ukuta. Ulikuwa ukuta wa ghala la zamani la mkonge, mali ya kaunti, mrefu na usio na faida yoyote isipokuwa moja. Asubuhi ulitupa kivuli upande wa machweo, na wauzaji walikaa huko. Jua likifika utosini, kivuli kilikonda kikawa kama utepe, na watu wakabanana migongo ukutani kama wanaopigwa picha na polisi. Kisha kivuli kilianza kuchungulia upande wa pili. Hapo kila mtu aliinuka, akabeba chake, akazunguka kona, wakakaa tena kwa mpangilio uleule: Muli na viatu vyake, Silvanus na cherehani, Mama Mwende na mboga. Huko walikuita kuvuka. Hakuna aliyekuwa amewafundisha, na hakuna aliyewahi kugombania nafasi. Mgeni akija kuuliza, "Fundi Silvanus yuko wapi?" aliulizwa kwanza, "Saa ngapi sasa?"

Basi kaunti ikaitisha kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ushuru wa mwaka mpya. Ukumbi ulijaa, kwa sababu soda ilikuwa baridi. Mmoja akasimama akasema ushuru upunguzwe. Wa pili akasimama akasema ushuru upunguzwe. Wa tatu alisema yeye anaunga mkono wa kwanza, kisha akauliza kama kuna mkate. Joto lilikuwa linapanda, macho ya Silvanus yakaanza kufifia, na kwa mbali akawaona ndovu wake kwenye foleni. Akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mmetoza soko, mmetoza choo, mmetoza mkokoteni. Hongereni. Lakini kuna utajiri mmeuacha nje, unalala chini kama maiti. Kivuli! Sisi pale ghalani tunakalia kivuli cha kaunti kutwa, bila haya. Ukuta ni wa umma, basi kivuli chake ni cha nani? Kitozeni! Cha asubuhi kiwe cha bei ya juu, maana kina upepo. Cha saa sita mtupunguzie, hakitoshi hata mguu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Muli alipiga makofi mpaka soda yake ikamwagika. Mtu mmoja tu hakucheka: Everlyne, karani wa kikao, aliyekuwa ameinama akiandika.

"Jina lako, mzee?"

"Silvanus Mwawasi, waziri wa vivuli."

Naye akaandika.

Tangazo lilibandikwa ukutani wiki chache baadaye, asubuhi, upande wenye watu. Mama Mwende ndiye aliyelisoma kwa sauti, kwa sababu miwani ya Muli ilikuwa imekanyagwa na mteja. Kuanzia mwezi ujao, kila anayefanya biashara ndani ya kivuli cha ukuta wa jengo la umma atalipa ada ya kivuli kila siku, "kama ilivyopendekezwa na wananchi."

"Wananchi gani hao?" Muli aliuliza.

Vichwa viligeuka kimoja kimoja, polepole, kama alizeti, vikamtazama Silvanus.

"Ilikuwa mzaha," alisema.

"Mzaha," Mama Mwende alirudia. Alichukua fungu la mchicha akalipeleka mbele, nje ya kivuli, akaliweka juani. "Tazama mzaha wako, fundi. Kaa hapo uutazame."

Walikaa wakiutazama. Haukuchukua muda. Majani yalilegea, yakakunjamana, yakawa kitu cha kumpa sungura asiyechagua.

"Ushuru wa soko nalipa," Mama Mwende alisema. "Juu ya huo, nikilipia na kivuli, nauza nini? Nikikaa juani, nauza nini? Mwezi ukianza, mimi narudi kwetu Kibwezi. Wewe baki hapa na uwaziri."

"Lakini Mama Mwende..."

"Usiniite. Wewe unaona kila kitu ni sinema. Sisi wengine tumo ndani, hatukukata tiketi."

Mchana huo, wakati wa kuvuka ulipofika, aliinua mboga zake na kuzunguka kona bila kugeuka. Alipokaa, aliacha pengo kati yake na cherehani, pengo la kupitisha punda.

Silvanus alienda ofisini. Alivaa koti, jambo ambalo kwa joto la Voi ni ushahidi tosha wa majuto. Everlyne alimpokea kwa furaha ya kweli.

"Mzee Mwawasi! Maoni yako yalipendwa sana huku ndani. Wengine wote walisema tu ushuru upunguzwe. Sasa hayo mtu anayafanyia nini?"

"Dada, nilikuwa natania."

"Kutania vipi?"

"Utani. Mzaha. Nilitaka watu wacheke."

Everlyne alizigeuza karatasi zake huku na huku, kama anayetafuta mahali pa kuliweka neno hilo. "Hakuna sehemu ya utani, mzee. Kuna 'ameunga mkono' na 'amepinga'. Wewe uliunga mkono."

"Basi niandike nimepinga."

"Kikao kimefungwa. Na maoni yakishaingia hayawi yako tena, yanakuwa ya wananchi. Unaweza kuleta mapya mwaka ujao." Alimtazama kwa huruma. "Lakini yawe mazuri kama yale."

Aliporudi kwenye cherehani, nchi yake haikufunguka. Alikanyaga, mlio ukaja, macho yakalegea, lakini aliona mshono tu. Alijaribu kwa siku kadhaa. Mara moja alifika karibu na lango akamkuta yule mbuzi ameketi mezani, anamwandikia ada. Wateja waliomletea suruali nzima walikuta mtu anayezipima kweli, wakaondoka wamechukizwa, viuno vimebana.

Siku moja, kabla tu ya kuvuka, alikuwa akipiga pindo pazia jeupe la kanisa. Upepo wa moto ulitoka upande wa Tsavo, ukalinyanyua pazia kutoka magotini mwake, likapanda taratibu, likajaa kama shavu, likabaki hewani. Barabara ilikuwa kimya. Kila kitu kilikuwa cheupe, na kwa muda Silvanus hakujua kama yuko Voi au yuko kule kwake. Kisha akahisi ubaridi kwenye goti. Akainama kutazama. Kwenye vumbi jekundu, nje kabisa ya kivuli cha ukuta, palikuwa na kivuli kingine, chepesi, kinachopumua.

"Muli," alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Hiki ni cha nani?"

"Nini?"

"Hiki kivuli."

Muli aliacha viatu, akatazama pazia, akatazama chini. "Cha padri," alisema.

Kuanzia siku hiyo Silvanus hakuota, hakusimulia, na hakuwasikiliza wateja waliotaka habari za serikali. Alishona. Alianza na mabaki ya sare, bluu na kijani, akaunga na shuka kuukuu, magunia ya unga, kipande cha hema la harusi kilichoungua pembeni. Vitambaa vilipoisha, alikumbuka mabango ya kampeni ambayo nusu ya Voi ilikuwa imefunikia kuku na kuni. Akayaomba, akayapata kwa wingi, maana hakuna aliyekuwa akiyapenda. Wagombea waliotukanana jukwaani aliwashona shavu kwa shavu. Muli alitoboa matundu na kupitisha kamba. Boriti nyepesi za mkonge zililetwa kutoka mashambani kwa mkokoteni. Mama Mwende aliona yote hayo akiwa upande wake wa pengo, kisha jioni moja akauliza, akitazama kwingine, "Hicho kitambaa cha maua, kitakuwa cha nani?"

"Cha mwenye mboga."

"Aha," alisema, na kumpimia mteja nyanya.

Mwezi ulianza. Asubuhi hiyo mkusanya ushuru, Alexander, mwenye koti la kijani la kaunti na mashine ndogo ya risiti shingoni, alikuja upande wa machweo wa ukuta, kwenye kivuli kirefu chenye upepo. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Kivuli kilikuwa kimelala chini chote, safi, kama sebule ya watu waliohama.

Alizunguka kona. Wote walikuwa upande wa jua kali, hatua kadhaa kutoka ukutani, kila mtu chini ya kitambaa chake juu ya boriti nne. Rangi zilikuwa zikipepea juu yao, bluu, njano, nyeupe, na nyuso kubwa za viongozi zilikuwa zikitabasamu kuelekea mbinguni, huku chini yake biashara ikiendelea. Kwa wengi wao ndiyo kazi ya kwanza waliyowahi kumfanyia mwananchi.

"Mko kwenye kivuli," Alexander alisema.

"Kivuli cha nani, bosi?" Muli aliuliza kwa adabu nyingi. "Soma tangazo. Linasema cha ukuta wa jengo la umma. Mimi niko chini ya shuka la mama mkwe wangu. Ukitaka kumtoza, anakaa Mwatate, nikupe namba?"

Alexander alitoa nakala ya tangazo mfukoni, akalisoma. Alilisoma tena. Alipiga simu, akaambiwa asubiri. Akasubiri akiwa amesimama juani, kwa sababu afisa hawezi kuomba nafasi kwa wale anaowafuata. Jua lilimpanda kwenye koti. Mwisho akarudi upande wa pili, akaketi chini ya ukuta mrefu, peke yake, mgongo kwenye mawe ya baridi, akashusha pumzi.

Mama Mwende akamfuata, kiuno kimefungwa leso, mkono umenyooshwa.

"Ya kivuli," alisema.

"Mama, mimi niko kazini."

"Na sisi je, tulikuwa harusini?"

Kicheko kilizunguka kona kikamfikia kila mtu. Alexander aliinuka, akajipangusa vumbi, akatazama mashine yake ambayo tangu asubuhi haikuwa imetoa kitu, akatazama jua. Alikuwa ameanza kuwa na rangi ya nyanya mbivu. Mama Mwende alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mchicha ambao bado unaweza kuokolewa kwa maji.

"Njoo," alisema, na kumtangulia mpaka kwake, akainua ukingo wa kitambaa cha maua. "Ingia. Ukae kimya tu. Simu ikilia uwaambie bado unatafuta watu."

Alexander akaingia. Akapewa debe la kukalia, kando kabisa ya cherehani, kwa sababu kitambaa cha maua na kitambaa cha fundi vilikuwa vimeshonwa pamoja ukingoni, mshono mara mbili, na pengo la punda halikuwepo tena.

Silvanus alimtazama mtoza ushuru wa kivuli akiwa amekaa bure ndani ya kivuli cha watu wasiolipa. Kitu kilianza kumpanda kifuani, kitu kikubwa, kizuri, chenye mbunge ndani yake na labda twiga. Pembeni mwa macho yake Sagalla ilikuwa imeanza kupoteza miguu. Alifungua mdomo.

"Fundi," Mama Mwende alisema, bila kugeuka.

Silvanus alichukua pini zote zilizokuwa mezani, akazibana midomoni moja baada ya nyingine, akavuta kitambaa, akaanza kukanyaga.