Jumamosi Baba Alipombeba Kapita

Hadi leo, nikisikia harufu ya bugali uliolowa katika supu ya ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, namkumbuka Kapita, mbwa wetu wa pale kijijini Swima.

Alinizidi umri. Nilipofika miaka tisa, mdomo wake ulikuwa umeota mvi, masikio yamekufa, na kazi yake ya ulinzi ilibaki kuwabwekea mbuzi wa jirani wakati wameshapita kitambo. Kisha akaacha kula. Nilimlainishia bugali kwa vidole, nikaupuliza upoe. Alinusa tu, akageuza kichwa. Siku ya tatu ungeweza kuhesabu mbavu zake.

"Ni uzee," baba alisema bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi. "Muache apumuzike."

Baba alikuwa mwalimu, mtu wa shati la pasi, asiyetaniwa barabarani. Nilimchukia kimya kimya.

Kumbe asubuhi ya Jumamosi alifunga kikapu cha samaki cha mama nyuma ya baiskeli, akamweka Kapita ndani. Akaniambia, "Shika kichwa yake, asianguke. Tunaenda Nundu kwa munganga wa nyama."

Alisukuma baiskeli, mimi pembeni. Watu walitoka nyumbani kutuangalia.

"Mwalimu iko anabeba mbwa kama bibi-harusi!" wanafunzi wake walipiga kelele.

Niliona shingo ya baba ikilowa jasho. Hakugeuka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie, na Kapita, kwa bahati yake, hakusikia kitu.

Mganga wa mifugo alimpanua kinywa, akabonyeza ufizi. Kapita akalia kama mtoto.

"Haiko uzee, Mwalimu," akasema. "Ni jino. Imeoza."

Baba mwenyewe alimshika taya, mganga akavuta. Jino lilipotoka, jeusi, lenye kunuka, alikaa vumbini na suruali yake ya pasi, akacheka mpaka akafuta macho. Jioni ile Kapita alimaliza bakuli, akaramba na ardhi iliyolizunguka. Tuliishi naye miaka miwili zaidi, nami nilimlainishia chakula kila siku.

Nilipokuja kuwa mama ndipo nikaelewa. Baba alikuwa na hofu kama yangu, ila yeye aliinama nayo juu ya madaftari. Kwa mtu kama yeye, kutumaini mbele ya watu kulikuwa kugumu kuliko kukata tamaa nyumbani. Na Jumamosi ile alitumaini mbele ya Swima nzima, mchana kweupe.