Nani Aliwasha Moto Nyumbani kwa Simiyu

Jumamosi hiyo niliamka Kitale bila nia ya kwenda popote. Saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha duka la Mzee Barasa, fundi cherehani, nikila mandazi mawili ya moto. Yalikuwa yamefungwa kwa kipande cha gazeti la juzi, na mimi nina tabia moja niliyotoka nayo shuleni nilipoacha masomo darasa la sita: siwezi kutupa karatasi kabla ya kuisoma. Nikapangusa mafuta, nikasoma. Habari ya kwanza ilikuwa ya mbegu za mahindi. Ya pili ilisema kwamba Mwalimu Nasambu, mwandishi wa riwaya, angetia sahihi vitabu vyake katika duka moja la vitabu mjini Bungoma, Jumamosi, kuanzia saa sita mpaka saa tisa.

"Mzee," nikauliza, "leo ni Jumamosi?"

"Tangu asubuhi," Barasa akajibu huku miguu yake ikiendelea kukanyaga.

Nikamsomea. Cherehani ikanyamaza.

Ili ieleweke kwa nini ilinyamaza, sina budi kukiri kosa langu. Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nikiuza njugu karanga karibu na stendi. Karatasi za kufungia nilizinunua kwa uzito, madaftari makuukuu na magazeti yamefungwa kamba. Ndani ya fungu moja mlikuwa na kitabu. Nilikichana kuanzia nyuma, ukurasa kwa mteja, bila nafasi ya kusoma, mpaka mvua ikanyesha na wateja wakatawanyika. Kwa kukosa la kufanya nikafungua mwanzo. Siku hiyo sikuuza njugu tena.

Kilikuwa kisa cha Simiyu, mwashi aliyejenga nyumba yake mpaka juu ya madirisha, kisha akakosana na mkewe Selina, naye akarudi kwao. Ndugu wa Simiyu akaanza kudai shamba. Simiyu akachukua mwiko wake akaondoka, akajengea watu wengine nyumba kwa miaka kumi. Mwishowe anarudi. Anafika mtoni, anainua macho, anaona nyumba aliyoiacha bila paa imeezekwa nyasi, na moshi unatoka. Anavuka. Anafika mlangoni. Anamsikia mtu akikohoa ndani. Na hapo ndipo njugu zilipoanzia.

Niliwakimbilia wateja wangu. Mama mmoja wa Endebess nilimkuta bado anatafuna, lakini karatasi ilikuwa imeliwa na mbuzi. Duka la vitabu likaniambia kitabu hicho hakichapwi tena. Basi nilibaki na kile nilichokuwa nacho, nikawa namsomea Mzee Barasa, ambaye hakuwahi kwenda shule, huku anashona. Tulikimaliza mara nne, yaani tulifika mlangoni mara nne. Barasa alishikilia kwamba aliyekohoa ni Selina, amerudi. Mimi nilisema ni yule ndugu, amenyakua nyumba. Tulibishana mpaka tukawekeana sharti. Ikiwa ni ndugu, Barasa atanishonea suruali ya kitambaa kizuri. Ikiwa ni Selina, nitakaa Kitale mwaka mzima bila kuhama. Watu wanaonijua walisema sharti langu ndilo zito.

"Nenda," Barasa akasema sasa. Alitoa kwenye msumari koti la mteja ambaye hakuwa amerudi kulichukua tangu Pasaka. "Vaa hii, usiende kwa mwalimu kama mtu wa kufukuza ndege shambani. Na usikie: ukizipata hizo kurasa, zisome huko huko, uweke kichwani. Nakujua. Ukisema utaniletea, zitafunga njugu njiani."

Saa mbili asubuhi nilikuwa juu ya lori la kabichi linaloelekea Webuye, kitabu kifuani ndani ya mfuko wa plastiki, pembe moja ya karatasi iliyojaa njugu mfukoni kama zawadi. Baada ya Kiminini manyunyu yakaanza, na dereva akanihurumia, akaniita ndani.

"Unaenda Bungoma kufanya nini?"

"Kumwona mwandishi wa vitabu."

"Amekufanyia nini?"

"Amenifichia mtu ndani ya nyumba. Miaka miwili."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu anayeendesha. Tulipofika Kamukuywa alikuwa amenitoa kisa chote, na kabla ya Misikhu alikuwa amekata shauri. "Ni serikali," akasema. "Serikali imeweka chifu hapo." Sikuwa nimewahi kuifikiria hiyo.

Saa nne na nusu tukafika Webuye, na hapo bahati ikalala. Magari ya Bungoma yalipita yamejaa, hata nafasi ya kidole hakuna. Nilisimama kando ya barabara nikitazama moshi wa kiwanda cha karatasi, nikiwaza kwamba huenda kurasa zangu zilizaliwa hapo hapo, zikasafiri mpaka Nairobi kupigwa maneno, zikarudi Kitale kuliwa na mbuzi. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nilianza kutembea, maana kwangu kutembea ni afadhali kuliko kuhesabu saa. Nilikuwa nimekwenda kama saa nzima wakati pikapu ya mbolea iliposimama mbele yangu, na mwenyewe akaniambia nipande juu ya magunia kama sichagui kiti. Sichagui.

Saa nane na nusu nilishuka Bungoma, koti la watu limekuwa jeupe kwa vumbi la mbolea.

Duka lilijulikana kwa mbali kwa foleni yake. Kulikuwa na wasichana wa sekondari waliovaa sweta za shule, walimu, mama mwenye mtoto mgongoni, na askari jela mmoja mrefu aliyekuwa amekiweka kitabu ndani ya kofia yake ili kisichafuke. Mbele kabisa, nyuma ya meza yenye kitambaa, aliketi mwanamke mnene wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni. Kwa miaka miwili nilikuwa nimedhani kwamba mtu wa namna hiyo hana miguu, lakini alikuwa nayo, na alikuwa amevua viatu chini ya meza.

Karani wa duka alikuwa akipita kwenye foleni kukagua. "Simama kwa raini vizuri, nyinyi. Lisiti mkononi." Akafika kwangu, akakitazama kitabu kisicho na mgongo, kilichojikunja kama sukuma wiki ya juzi. "Na hii ni nini, bana?"

"Ni kitabu chake."

"Lisiti?"

"Nilikipata kitambo."

"Leo tunatia sahihi kitabu kipya tu. Na kipya kimeisha. Toka kwa raini."

"Mimi sitaki sahihi. Nataka kumuuliza neno moja."

"Kila mtu ako na neno moja! Toka, wenye vitabu wapite."

Ningetoka. Nimefukuzwa mahali pengi, na nimejifunza kuondoka kabla sauti haijapanda. Lakini askari jela alikigeukia kile kitabu, akainama akasoma mstari wa juu, kisha akamwambia karani, "Huyu ako na mimi." Karani akatazama mabega yake, akaenda kukagua wengine.

"Hicho sijakiona tangu nikiwa kuruti," askari akaninong'oneza. "Unanikopesha?"

"Hakina mwisho."

"Ah, mwisho naujua. Si ni—"

Nilimziba mdomo. Niliziba mdomo wa askari wa serikali kwa kiganja changu chenye mbolea, mchana, mbele ya watu. Wasichana wa shule walishika vifua. Yeye akanitazama, akatema kidogo, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Kelele hizo zilimfanya Mwalimu Nasambu ainue kichwa. "Nani anapigana huko?"

"Hakuna, mwalimu," askari akajibu. "Ni msomaji."

Mwalimu akaniita kwa kidole. Nikaenda, nikaweka kitabu juu ya kitambaa cheupe, nikaona aibu jinsi kilivyokaa hapo. Alikigeuza, akatafuta mwisho. Hakuupata.

"Kurasa zingine ziko wapi, kijana?"

Njiani nilikuwa nimetunga jibu: panya, mafuriko, moto. Nilipomtazama machoni uongo wote ulinikauka. "Nilifungia njugu, mwalimu. Nilikuwa bado sijasoma."

Mama mwenye mtoto akasema "Yesu!" polepole. Mwalimu Nasambu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, na hakuwa anatabasamu.

"Nilikiandika kwa miaka minne," akasema. "Kwa taa ya mafuta. Baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu."

"Pole, mwalimu."

"Na wewe ukakifanyia pembe za njugu."

"Pole sana."

"Umefika wapi?"

"Amefika mlangoni. Kuna mtu amekohoa."

Hapo uso wake ukabadilika. "Uwi," akasema, kama mtu aliyesikia habari za msiba. "Miaka mingapi uko hapo mlangoni?"

"Miwili. Mimi na Mzee Barasa wa cherehani. Yeye anasema ni Selina. Mimi nasema ni ndugu."

"Ni—" msichana mmoja wa sekondari akaanza, na foleni nzima ikamrukia: "Nyamaza!" Hata karani.

Mwalimu akafungua mkoba wake akatoa kitabu, kile kile, kikiwa na jalada, pembezoni kumejaa maandishi ya kalamu ya risasi. Akamwomba karani wembe wa kukatia kamba za vifurushi.

"Mwalimu, usikate!" karani akalia. "Hiyo ni ya kwako!"

"Nina ingine nyumbani. Na huyu asipomaliza atarudi hapa kila mwaka, mnajua." Akazikata taratibu karibu na mshono, karatasi sita, kisha akanitazama juu ya miwani. "Umeona? Hivi ndivyo watu hutoa ukurasa. Si kuchana kama anayenyonyoa kuku." Akatia sahihi ukingoni mwa ule wa mwisho, akaniuliza jina, akaandika la Barasa kwanza, langu la pili. Karani akazifunga kwa karatasi ya kaki, bila kudai risiti.

Nikakumbuka zawadi yangu. Nikampa pembe ya njugu. Aliifungua, akaipeleka karatasi karibu na macho akaisoma pande zote mbili, alipohakikisha ni gazeti ndipo akala.

Saa tisa na nusu nilikuwa njia panda ya Kanduyi, nimekaa kwenye baraza, kifurushi magotini. Barasa alisema nisome huko huko. Nilifungua kamba, nikaifunga tena. Sikuogopa sharti peke yake. Kwa miaka miwili nilikuwa na kitu cha kungojea, na mtu mwenye kitu cha kungojea ana mahali pa kurudi. Nikiwa katika hali hiyo, lori tupu la kubeba mawe lilipunguza mwendo na utingo akaita, "Chwele! Sirisia!" Sikuwa nimewahi kufika Sirisia. Kitale ingengoja mpaka kesho.

Saa kumi na mbili kasorobo nilishuka Sirisia, mvua imetoka kunyesha, mlima umejifunika. Lojingi mbili nilizouliza chumba zilikuwa zimejaa watu wa harusi. Mwenye hoteli ya chai, mama aliyeitwa Nekoye, alinitazama nilivyokunywa vikombe viwili bila kuuliza bei.

"Unalala wapi, baba?"

"Bado sijajua, mama."

"Kuna chumba nyuma hapo. Ni ya ndugu yangu, yuko Lwakhakha kwa biashara zake, atarudi wiki ijayo. Viroboto hakuna. Lala, asubuhi uende."

Kilikuwa chumba kidogo cha udongo chenye kitanda, jiko la makaa, sufuria, kigoda na kalenda. Nilikoka moto, nikateleka maji ya kuoga, nikavuta kigoda mpaka mlangoni palipobaki mwanga. Kisha nikafungua kifurushi nikasoma, nikimfuata Simiyu ndani ya nyumba yake.

Hakuwa Selina. Hakuwa ndugu, wala chifu. Alikuwa mpita njia tu, mzee asiyejulikana na mtu, aliyenyeshewa usiku mmoja akaingia katika nyumba isiyo na paa, asubuhi akakata nyasi akaezeka, akangoja mwenyewe arudi ili amshukuru. Alipomwona Simiyu mlangoni aliinuka kwenye kigoda, akasema: "Karibu, mwenyewe. Maji yamechemka."

Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Suruali nimeikosa, na mwaka wa kufungwa Kitale nimeuepuka. Mimi na Barasa tulikuwa tumebishana juu ya nani ana haki ya kuwa mle ndani, na hakuna aliyemkumbuka mtu wa aina yangu. Hadithi ilikuwa imekwisha na mimi nilikuwa bado nina hamu ya kurudi kumsomea Barasa.

Giza lilikuwa linaingia niliposikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Mwanamume aliyelowa mpaka kwenye soksi alisimama mlangoni, akatazama kitanda chake, jiko lake, na mtu aliyekalia kigoda chake akiwa na karatasi mkononi.

"Na wewe ni nani?"

Niliinuka. Nilikuwa na maelezo mengi, ya Mama Nekoye na ya harusi, lakini yalikuja mengine.

"Karibu, mwenyewe," nikasema. "Maji yamechemka."

Alisimama pale akidondosha matone. Kisha akavua viatu.

"Basi sogea kidogo," akasema, "na mimi niote moto."