Kabla ya Kusoma Sheria, Msome Aliyeitunga

Taabu yangu ilianza mwaka 1999, nikiwa na miaka kumi na tisa, niliposhuka Durban nikitokea Uvira, Kongo, bila jamaa na bila Kiingereza. Shule niliiacha darasa la sita, mwanangu, na sioni haya kusema. Kazi niliyopata ni kulinda magari kwenye maegesho ya maduka, kule mtaa wa Bluff.

Asubuhi moja tulikuta karatasi ukutani: kila mlinzi avae kizibao cha kung'aa, cha kijani, kinachouzwa ofisini kwa msimamizi wa maegesho. Asiye nacho asikanyage hapa. Mwenzetu Désiré alikuwa amesoma sheria kwao Bukavu. Akakagua sahihi, akakagua muhuri.

"Iko sawa," akasema. "Tununue."

Tukanunua. Haukupita muda, karatasi nyingine: sasa rangi ya chungwa. Désiré akaisoma, iko sawa tena. Mwenzetu mmoja aliyeshindwa kununua akafukuzwa, na mkewe ana mimba; mimi niliomba siku mbili nitafute pesa.

Bwana Sefu, mzee wa Kizanzibari wa palepale Bluff aliyewahi kuongoza migomo bandarini, alikuja kununua mkate akatukuta tunabishana.

"We wakili," akamwambia Désiré, "karatasi umeisoma. Aliyeiandika umemsoma?"

"Mzee, hiyo siasa. Mimi mtu wa sheria."

"Eish. Kwani sheria hushuka na mvua? Vizibao anauza nani? Nani kampa mamlaka ya kutunga? Na ninyi mlikuwa wapi akitunga?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikivaa wenyewe, tukafunga na vifungo.

Tukaenda wote kwa wenye maduka, waliomwajiri yule msimamizi. Amri ile hawakuijua. Karatasi ikabanduliwa, mwenzetu akarudi kazini. Désiré hakuwa mjinga, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sasa binti yangu Neema anasoma sheria, anakaa Berea. Jumapili iliyopita alikuja kula, akasema ataliacha somo la siasa na falsafa yake.

"Papa, hakimu haniulizi falsafa."

"Hakuulizi kwa sababu anayo yake. Usipokuwa na yako, utabeba ya kwake."

Akacheka. "Wewe Papa unamshuku hata padri."

Namshuku, ndiyo, na sadaka natoa. Jana kanipigia, anasema hajaliacha bado. Hiyo "bado" naishuku pia.

Basi nawe unayesoma sheria, sikia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuna watu walikaa wakafikiri sana nani atawale, kwa haki gani, na kwa nini mtu amtii mwingine. Wasome. Hata mwalimu anayekufundisha hayo, mshuku kidogo, hakuna atakayekulaumu. Wakili asiyejua hayo ni mbwa mzuri wa ulinzi: anabweka vizuri, ila hajui geti ni la nani.

Mungu akupe jicho la kuona mkono ulio nyuma ya karatasi, na mkono wako aubariki, uandike haki.

Mimi leo niko na saluni moja, duka moja la simu, na nyumba Queensburgh yenye geti langu mwenyewe. Kizibao cha kijani bado ninacho. Cha chungwa sikununua.