Makofi ya Darasa la Jiografia

Iliki ikitwangwa huku mvua inanyesha, mimi hutoka jikoni. Harufu hiyo ilikuwa kwenye sweta la msichana niliyekaa naye dawati moja sekondari. Kwao ni mlimani, upande wa Amani, na iliki zao walizikausha darini, juu ya moto wa jiko.

Siku hiyo mwalimu wa jiografia aliuliza dalili za maporomoko ya ardhi. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Mwenzangu akasimama.

"Miti huinama, mwalimu. Na ardhi hupasuka. Nyuma ya jiko letu kuna ufa, mguu unaingia."

Mwalimu alifurahi. "Huo ndio mfano hai. Mpigieni makofi."

Tukampigia yale makofi yetu ya darasani, mpaka akainamisha uso kwa haya.

Ijumaa alipanda kwenda kwao, na mvua haikukatika. Wiki iliyofuata shule ilitupeleka mazikoni. Mlima ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na tope lote lilinuka iliki.

Swali lile lilitoka kwenye mtihani wa muhula. Darasa zima tulilipata.