Mama Mkwe na Vidonge vya Rangi Mbili

Dukani kwetu Mkunazini, dawa nazo zina nafasi zao kama wageni wa harusi. Panadoli na dawa za mafua zimekaa mbele, kila mtu azione. Antibiotiki ziko kabatini nyuma yangu, na hazitoki bila cheti cha daktari. Nilikuwa nikijisifu kwamba sijawahi kuivunja sheria hiyo. Basi asubuhi moja akaingia mama mkwe.

Nilikuwa na miezi miwili tu ndani ya ndoa, tena naishi kwake. Nikamwamkia; akaitikia "Marahaba" kwa sauti iliyokwaruza, mkono kooni.

"Nipe vile vidonge vya rangi mbili, mwanangu. Vinne vyatosha. Koo siku ya pili hii, hata mate hayapiti."

Nikamwambia, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba vile ni vya cheti, na vinne havimtoshi hata anayevihitaji. Wateja watatu wakasogea ili wasikie vizuri.

"Mwanangu wa kiume nimekupa bila ya kukudai cheti," akasema, "leo wewe wan'nyima vidonge vinne?"

Wateja wakaangua kicheko. Mimi nilitamani kulia. Kumkatalia mkwe mbele za watu ni kujitafutia makubwa, na mchana nilikuwa nile naye sinia moja. Mara mbili niliushika ufunguo wa kabati, mara mbili nikauacha. Nikamwomba aende kituo cha afya, si mbali. Akatoka bila ya kuaga.

Saa nzima niliuza dawa huku natunga maneno ya kumwomba radhi. Mara huyo, karudi, sauti imefunguka. Akawapita wateja wote, akaweka karatasi juu ya kaunta na kuikunjua. Ndani mlikuwa na mwiba wa samaki, mrefu kama sindano ya kushonea kofia.

"Daktari kautoa kwa kibano," akasema. "Kaniuliza nimekula nini. Nshamwambia: mchuzi wa changu, kapika mkaza mwanangu."

Nilisikia uso unawaka. Nikaanza kuomba radhi, sijui ya vidonge au ya mchuzi, maneno yakanigongana mdomoni. Akanishika mkono, anacheka.

"Dawa umen'nyima, na umefanya vyema, mwanangu. Lakini samaki, kuanzia leo, ntapika mwenyewe."