Kinara cha Unga wa Chumvi

Mwaka ule nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja Myahudi huko ughaibuni, katika kitongoji cha Lidcombe. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kushoto. Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa kwa siku nane, ilipokaribia, alikataa kinara cha dukani.

"Tutengeneze wenyewe," akasema.

Nikakanda unga kwa chumvi na maji, kama wa chapati. Yeye akatoboa matundu tisa kwa kidole gumba cha mkono ule mlegevu, akipumzika kila mara. Tundu la mwisho, la mshumaa wa kuwashia mingine, likaenda upande. Nikataka kulinyoosha.

"Liache!" akanikemea huku akicheka. "Hilo ndilo langu."

Tukakioka. Jioni ya kwanza tuliwasha pamoja, mkono wangu juu ya wake. Akaimba dua kwa Kiebrania. Sikuelewa kitu, ila aliposema amina, niliitikia kwa sauti.