Kipande cha Kioo Juu ya Ufa

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, mmalize. Haya sikuhadithiwa, yalinikuta mwenyewe, wallahi, na nikipita Malindi, hapa mjini Unguja, hadi leo moyo hunienda mbio.

Baada ya Mapinduzi tulipewa chumba cha juu katika jumba la mawe: mimi, mume wangu na mama yake, ambaye miguu yake ilishapooza. Kando ya kitanda chake ukuta ulikuwa na ufa. Mume wangu akauziba, akapaka chokaa, maana Idi ilikaribia, na nani asiyepaka chokaa kwa Idi? Ukuta ukang'ara, tukasahau.

Alasiri moja ya masika nnamlisha mkwe wangu uji. Nageuka, namwona bibi mmoja kasimama ndani, kavaa buibui la kizamani, mikono ina chokaa mpaka viwikoni. Hodi sikuisikia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Una kioo kilichovunjika?"

Nikampa kipande cha kioo cha kujitazamia. Akaikwangua ile chokaa yetu. Lo! Ufa umekua. Akakibandika kioo juu yake kwa chokaa mbichi, ncha moja upande huu, ya pili upande wa pili.

"Ukuta ukisogea, hiki kitakatika. Kikikatika, mshusheni mgonjwa. Msingoje hata chai ichemke."

"Umejuaje, Bi?"

"Wangu walilala hapa hapa. Hawakuwahi kushuka."

Nikakitazama kile kioo. Niaminini: nilijiona mimi, nikamwona mkwe wangu na bakuli lake. Yeye, aliyesimama ubavuni pangu, hayumo! Nageuka, hayupo. Jirani aliyekaa ngazini akaapa hakupita mtu.

Nilipomhadithia, mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu kaletewa fundi na majini!"

Mvua ikazidi. Jioni moja tunakula, nikasikia: tak! Kioo kimekatika katikati.

"Mbebe mama yako!"

"Ngoja tumalize kula basi."

"Mbebe, au nitambeba mwenyewe!"

Akaona nalia, akambeba. Hatujafika mlango wa nje, ukuta ukashuka. Tuliporudi na taa, kitanda hakionekani kwa mawe.

Sasa nakaa Michenzani, nyumba mpya ya zege, na kioo nimebandika ukutani vile vile. Watoto wananicheka. Mume wangu hacheki. Kila Idi namsomea Fatiha yule bibi na watu wake, ingawa majina yao siyajui.

Nanyi mnaokaa majumba ya mawe, kabla hamjapaka chokaa, utazameni ukuta kwanza. Mimi nililetewa mtu. Nyinyi huenda msiletewe.